Nilichoacha Kutafsiri Siku Mama Alipokufa

Mdogo wangu Audace,

Nina hasira na wewe, na ninaanza na hilo ili usidhani nimekaa hapa kukubembeleza. Tangu siku tuliyomzika Mama simu yako haipatikani. Nimewaomba madereva wa pikipiki wa Kaberebere wakuulizie huko wanakopita. Nimeacha ujumbe parokiani. Nimemwendea hata yule mama wa Kikongo aliyekuwa anachukua nyanya zako hapa kambini kwetu, Base Camp, akaniambia na yeye anakutafuta. Basi nimeamua kuandika barua ambayo kila mtu ataisoma. Maneno yaliyokufukuza yalisemwa mbele ya watu, na majibu yake yatasemwa mbele ya watu. Nitabandika moja kwenye ukuta wa duka karibu na soko, nyingine mlangoni mwa kanisa. Ndiyo maana sikuandika Kirundi. Nimeandika Kiswahili makusudi, wasome Wakongo, wasome wenyeji wa Isingiro, wasome wote waliobeba yale maneno kutoka nyumba hii hadi nyumba ile kama wanagawa chumvi.

Wengi wao hawakukujua. Acha niwaambie.

Tulipofika Nakivale kama wakimbizi ulikuwa na miaka kumi na mitatu, umebeba godoro kichwani tangu tuliposhuka lori. Yule afisa aliyekuwa anaandikisha watu alimtazama Mama, akakutazama wewe, akasema kwa Kiswahili chake cha Uganda, "Huyu hapana haja ya kuuliza. Huyu ni wa huyu." Mimi aliniuliza maswali matatu kabla ya kuamini kwamba ni binti yake. Mama alicheka, na tangu tuvuke mpaka nilikuwa sijamwona akicheka. Ulikuwa na pengo lake la meno, masikio yake, hata namna yake ya kupiga chafya mara nne mfululizo. Ulipokuwa mtu mzima ukalima nyanya zako kule upande wa ziwa, ukirudi jioni na baiskeli, majirani walikuwa wanaona kofia yako kwa mbali wanamwambia Mama, "Mama Consolata, unakuja mwenyewe."

Nakumbuka pia mwaka ule mvua ilipokataa. Ulikuwa unateka maji ziwani na kumwagilia miche mmojammoja kwa kikombe. Mama akakufuata shambani na kikombe chake. Hamkusemezana kutwa nzima. Niliwaletea chakula nikawakuta mmeinama pamoja kwenye mistari miwili, mnafanana hadi migongo, nikaona wivu. Leo nakiri.

Sasa nitasema yaliyotokea, kwa mpangilio, kwa sababu kila mtu hapa ana mpangilio wake.

Mama alikuwa anatokwa na damu kwa miezi kabla hajatuambia. Uliona wewe kwanza, si mimi ninayefanya kazi ya kutafsiri kliniki. Uliniambia, "Dada, Mama ameshika ukuta akienda chooni." Pale kliniki wakasema ana uvimbe kwenye kizazi na damu imebaki kidogo mno mwilini, aende Mbarara akapasuliwe. Ndugu zake Baba wakatupeleka kwenye hospitali ndogo ya watu binafsi hukohuko Mbarara, ambayo sitaitaja jina. Walituambia kwamba hawawezi kumpasua mpaka aongezwe damu, na damu ya kundi lake haipo. Nesi alisema vizuri kabisa, "Mungoje siku mbili, damu itakuja. Mama atangoja, hali yake inaruhusu." Nilimsikia kwa masikio yangu.

Mama ndiye aliyekataa. Alishika mkono wa kitanda akasema kwa Kirundi, "Sitaki damu ya mtu nisiyemjua. Nimeshaona watu nisiowajua walichofanya na damu. Nipeni ya mtoto wangu." Wewe na mimi tulijua anazungumzia yale mauaji yaliyotukimbiza kwetu. Lakini Baba mkubwa Salvator, kaka yake marehemu Baba, aliyekuwa amesimama pale mlangoni, ndiye aliyemjibu. Wote waliokuwepo wamsikilize vizuri hapa, kwa sababu amesahau. Alisema, "Mama ana haki. Damu ya famille, damu ya ndugu, haina neno." Akamwambia nesi asitupotezee muda.

Nesi akauliza nani ana kundi la O. Tulikuwa wawili, wewe na mimi.

Audace, hili hulijui. Nilisema bado nanyonyesha. Kevine wangu alikuwa ameacha ziwa miezi minne kabla ya hapo. Niliogopa ile sindano nene, hakuna sababu nyingine. Mimi ambaye kila siku nawaambia akina mama wa kambini wasiogope, dokta anataka tu kuangalia, nilificha mikono yangu chini ya kanga nikadanganya. Wewe ulikunja shati bila kuniangalia. Ulilala kwenye kile kitanda chembamba, ukaniambia nikuletee soda baadaye. Wakapima damu yako, wakaiona safi, na jioni ileile ilikuwa inaingia kwenye mkono wa Mama, bado ina joto la mwili wako.

Alipasuliwa, akapona. Watu wanasahau hata hili. Alirudi nyumbani na rangi usoni. Alikaa kwenye jamvi akichambua maharage, akikufundisha kupika uji wa ulezi usiokuwa na mabonge, akikutukana kwamba unakoroga kama mtu anayechota mchanga. Alikuwa anagusa mkono wake pale mpira wa damu ulipopita, anawaambia wageni, "Humu mna Audace." Wiki nzima alisema hivyo. Nilikuwa napita na ndoo yangu nainamisha macho.

Siku ya kumi homa ikaanza. Nilidhani malaria, kliniki wakadhani malaria, akapewa dawa. Homa haikushuka. Akaanza vipele vyekundu usoni na viganjani, vikashuka kifuani, ngozi ikawa kama imeungua na jua. Kisha tumbo likaachia, hata maji halikushika. Wewe ulikuwa unafua mashuka yake mwenyewe, ulikataa mwanamke yeyote akusaidie. Macho yake yalipogeuka manjano tukarudi naye Mbarara, safari hii kwenye hospitali kubwa zaidi, na huko tulimkuta yule dokta mwanamke mrefu, Mnyankore wa hukohuko, mwenye miwani. Alichukua damu, akachukua na kipande kidogo cha ngozi. Aliuliza mara mbili nani alimpa Mama damu, na lini. Ukainua mkono kama mwanafunzi.

Mama alikufa siku ya nne, asubuhi, watu wa kufagia wakiwa bado wanapita na maji. Dokta alituita kwenye korido: Baba mkubwa, wewe na mimi. Alieleza kwa Kiingereza, polepole, kwa muda mrefu. Na mimi nilikuwa pale kwa kazi moja tu, kazi ninayoifanya miaka sita sasa. Nimewatafsiria watu vifo vya watoto wao sauti yangu isitetemeke. Nimewatafsiria wagonjwa wa UKIMWI na wa saratani. Siku hiyo nilisikia maneno yote ya yule dokta kuanzia la kwanza hadi la mwisho, nikafungua mdomo, nikasema hivi tu:

"Anasema ni damu. Damu ya Audace imemshambulia Mama, ikamuua."

Ukauliza, "Damu yangu?"

Nikasema, "Yako."

Kisha nikakaa chini nikalia, na yale mengine sikuyatafsiri. Dokta alinishika bega, akadhani nimemaliza. Wewe ulibaki umesimama unaangalia mkono wako. Baba mkubwa alitoka nje kupiga simu, na kabla gari la maiti halijafika Nakivale habari ilikuwa imeshafika.

Ilifika ikiwa imeota mikia. Wengine walisema una UKIMWI, umemwambukiza. Wengine walisema ulikunywa dawa ya mganga ili nyanya zako zistawi, na dawa ikataka kichwa. Mwanamke mmoja tunayesali naye, ninamwandika hapa bila jina kwa heshima ya watoto wake, alisema tangu zamani aliona macho yako si ya mtoto wa kawaida. Huyo huyo alikuwa anakula nyanya zako bure kila Jumamosi.

Na pale makaburini, zamu ya watoto ilipofika, ukainama kuchukua udongo. Baba mkubwa akakushika kifundo cha mkono. Alisema bila kupaza sauti, na kila mtu alisikia, "Mkono uliomuua hautamzika." Ukaufungua mkono, udongo ukaanguka kwenye viatu vyako. Ukaniangalia. Audace, uliniangalia mimi, si mtu mwingine, ukingoja niseme kitu. Mimi ndiye niliyekuwa na yale maneno mengine. Nilikuwa nayo yote kifuani. Nikaangalia chini.

Ulipogeuka kuondoka hata hukukimbia. Ulitembea tu kama mtu anayekwenda kuteka maji.

Sasa unajua kwa nini nina hasira. Nina hasira na Baba mkubwa. Nina hasira na ile hospitali ndogo iliyokubali haraka hivyo, isiseme neno moja la tahadhari. Nina hasira na Mama, Mungu anisamehe, kwa kukataa kungoja siku mbili, na nina hasira na wale waliomfanya Mama aogope damu ya watu asiowajua, ambao hawatasoma barua hii. Wewe nina hasira nawe kwa sababu uliamini. Uliamini sentensi mbili za dada yako aliyekuwa analia, hukurudi kuuliza ya tatu. Hasira iliyobaki ni yangu mwenyewe, na ndiyo kubwa, ndiyo ninayolala nayo.

Wiki mbili baada ya mazishi nilirudi Mbarara na daftari. Yule dokta alinikumbuka. Nilimwomba arudie kila kitu, nikaandika, nikamsomea nilichoandika, akanisahihisha. Kwa hiyo hii hapa ndiyo tafsiri. Imechelewa, lakini haina pengo.

Alisema: Damu ya kila mtu ina chembe nyeupe, na kazi yake ni kuulinda mwili dhidi ya kitu kigeni. Mtu akiongezwa damu ya mtu mwingine, mwili wake unaziona chembe nyeupe za mgeni na kuzimaliza kwa siku chache. Ndivyo inavyotakiwa. Chembe hizo zina alama, nusu tunapewa na mama, nusu na baba. Baba na Mama walitoka kilima kimoja, kijiji kimoja, na kwa bahati ambayo haimpati mtu mara nyingi, alama ulizopewa na Baba zilifanana na zile ulizopewa na Mama. Hivyo chembe zako zilipoingia kwa Mama, mwili wake ulizitazama haukuona hata alama moja ngeni. Uliziona ni zake. Ukaziacha ziishi, zikaongezeka. Lakini Mama alikuwa na nusu nyingine ya alama, zile alizopewa na baba yake, ambazo wewe huna. Chembe zako zikaziona hizo, zikafanya kazi yao. Zikashambulia ngozi, utumbo, ini, na uboho wa mifupa unaotengeneza damu. Uboho ukiisha, dawa hakuna.

Alisema: Ugonjwa huu ni nadra sana. Yeye mwenyewe alikuwa ameusoma tu, alikuwa hajawahi kuuona. Hatari yake inakuwa kubwa zaidi damu inapotoka kwa ndugu wa karibu, na zaidi tena ikiwa ni mbichi, haijakaa kwenye friji. Pale penye uwezo, damu ya ndugu hupitishwa kwanza kwenye mashine ya mionzi inayozinyamazisha zile chembe nyeupe. Pale Mama alipoongezwa hakukuwa na mashine hiyo. Damu ya mtu asiyemjua ingekuwa salama zaidi kwake.

Alisema: Damu ya mdogo wako ni nzima. Haina ugonjwa, haina uchafu, haina kosa. Karibu mtu mwingine yeyote pale wodini angeipokea akapona akaenda nyumbani. Mwambie aendelee kutoa, ila asimpe ndugu yake.

Na alisema, hili alilisema siku ileile ya kwanza kwenye korido, kabla sijakaa chini: "Mwambie huyu kijana hajafanya kosa lolote. Mwambie hilo kabla ya mengine." Nilisikia, Audace. Kwa Kiingereza nilisikia vizuri sana.

Nikamuuliza ingekuwaje kama ningetoa mimi. Aliniangalia kwanza, nadhani alielewa. Akasema hawezi kujua bila kupima, lakini kuna uwezekano mkubwa Mama angepona. Nimeandika na hilo. Sitaki kukuficha kitu tena.

Siku ya kumaliza matanga watu walijaa uwanjani kwetu, baada ya misa. Baba mkubwa alikuwa kwenye kiti cha mbele. Nilisimama na daftari langu nikasoma yote haya, kwa Kirundi na kwa Kiswahili, pamoja na ule uongo wangu wa kunyonyesha. Mume wangu alinivuta kanga nikae, sikukaa. Nilimkumbusha Baba mkubwa kile alichosema pale mlangoni mwa wodi, kwamba damu ya famille haina neno. Nilimuuliza ni mkono gani basi uliomuua Mama, wa Audace uliotoa, au ni mdomo wake yeye Baba mkubwa uliohimiza, au ni mkono wangu uliojificha. Nilitaka aone aibu mbele ya watu kama ulivyoona wewe. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo.

Hakukasirika. Aliniacha nimalize. Akasema, "Consolata, mimi nilisema nilichotafsiriwa."

Nikafunga daftari. Nilikaa chini, watu wakagawiwa pombe ya ndizi, wakaanza kuzungumza habari za mvua.

Hajaomba msamaha, usingoje hilo. Lakini mke wake ameniambia kwamba amekwenda Masha mara mbili kwa miguu, na goti lake lile bovu, akiuliza kwenye mashamba ya ng'ombe, kwa sababu mtu mmoja alimwambia ameona Mrundi mwenye pengo la meno anakamua huko. Mara zote mbili alirudi mikono mitupu. Sikumpa pole.

Alhamisi hii nitakwenda mwenyewe. Nitapita shamba moja baada ya jingine, na barua hii nitawaachia wenye mashamba, na wasiojua kusoma nitawasomea. Ukiniona nashuka kwenye pikipiki usijifiche nyuma ya zizi. Sijaja kukusamehe, kwa sababu huna unachosamehewa. Nimekuja unisikilize, halafu useme na wewe yako, hata kama ni matusi. Matusi yako nayataka. Ulipoondoka ulininyima hata hayo.

Huku watu bado wananisimamisha njiani kunipa pole ya Mama. Naitikia, nasema asante. Hakuna hata mmoja anayenipa pole yako, kwa sababu wanadhani wewe ni kitu kibaya kilichotutoka, si mtu aliyepotea. Mama nimeshamlilia, Audace. Wewe nimekataa kukulilia. Uko hai na una damu nzima, na nitakutafuta mpaka uchoke kujificha.

Mimi dada yako, niliyekutangulia kuzaliwa nikachelewa kukusemea,
Consolata